Shoti ya kaunta: namna ya kushika droo ya watu na mshahara wako ukabaki salama

Niko mwaka wa pili nasoma biashara, na likizo iliyopita nilikaa kaunta miezi mitatu hapa hapa Tanga, duka la jumla na rejareja mitaa ya Ngamiani, pembeni kuna kidirisha cha wakala wa hela za simu, laini mbili za simu na mashine ya EFD ya kutolea risiti inayogoma kila umeme ukizingua. Mwezi wa kwanza nilikatwa elfu kumi na nane ya shoti, yani hela iliyopungua kwenye hesabu ya kufunga. Mwezi wa pili na wa tatu sikukatwa ata mia. Sio kwamba niliongeza uaminifu, uaminifu ulikuwa ule ule, nilichoongeza ni daftari na kalkuleta, na ndo nataka nielekeze hapa kwa yeyote anayeanza kazi ya kaunta, iwe dukani, famasi, baa, sheli au kibanda cha wakala.

Maana chuoni tunaongea mambo makubwa tu. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima kule Uganda mpaka Chongoleani hapa Tanga, kilomita 1,443. Bandari yetu imechimbwa, meli sasa zinafunga gatini, sio zamani zikikaa nanga huko mbali mzigo unaletwa na matishari. Kila mhadhiri akisimama ni fursa, fursa, fursa. Sikatai. Ila tembea kutoka soko la Mgandini mpaka stendi ya Kange uhesabu vijana waliovaa kofia ngumu alafu uhesabu waliokaa nyuma ya kaunta, utajua wengi wetu kazi ya kwanza tutaipatia wapi. Na kaunta hakuna aliyetufundisha, tumefundishwa mizania ya kampuni yenye mabilioni lakini droo ya milioni moja inatutoa jasho.

Tuanze kabla hujaanza. Siku unaitwa kuongea na bosi, najua una njaa ya kazi na unataka useme ndiyo kwa kila kitu, lakini uliza maswali matatu kwa adabu tu. Droo nitashika peke yangu au kuna mwingine anafungua? Asubuhi nani ananikabidhi na jioni namkabidhi nani? Ikitokea shoti utaratibu wenu ukoje? Hili la tatu ndo lenye maana. Bosi akijibu "hapa hakuna shoti, sisi ni ndugu tu", jua shoti zipo na zinakatwa kimya kimya. Akikuelezea utaratibu, ata kama ni mkali, huyo anafaa, ana kitu cha kushikia.

Alafu omba maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi mambo ya msingi ya kazi yako: kazi gani, saa ngapi, mshahara kiasi gani na unahesabiwaje. Wengi watakwambia karatasi ya nini, tunaaminiana. Mimi nilipewa karatasi moja ya mkono yenye mistari sita, nikaipiga picha nikamtumia dada yangu, ikatosha. Usione aibu, maana mwezi ukiisha hakuna anayekumbuka mlichoongea mlangoni.

Sasa asubuhi. Hapa ndo shoti nyingi zinazaliwa na watu hawajui. Unafika saa moja, mwenzako wa jana kafunga akaacha hela kwenye bahasha imeandikwa 1,200,000, wewe unaingiza kwenye droo unaanza kuuza. Umeshakwisha. Kama ndani kulikuwa na 1,195,000 ile elfu tano ni yako kuanzia dakika ile. Usipokee bahasha, pokea hela. Hesabu mbele ya mtu, noti kwa noti, uandike: wekundu (noti za elfu kumi) wangapi, tano tano ngapi, buku mbili ngapi, buku ngapi, sarafu jumla yake, alafu salio la kila laini ulilolisoma mwenyewe kwenye simu, sio uliloambiwa. Mnasaini wote wawili. Itachukua dakika kumi na wateja watalalamika, waache walalamike. Siku za kwanza mwenzangu alinuna, akaona kama namtuhumu, nikamwambia dada yangu hii inakulinda wewe kuliko mimi, ukishasaini umeondoka na amani yako, kikipungua mchana hakikuhusu. Baada ya wiki akawa ananikumbusha yeye.

Droo moja mtu mmoja. Hili nalisisitiza mpaka nitachosha watu. Bosi anapita anachukua elfu thelathini ya mafuta ya gari, mdogo wake anachukua buku mbili ya vocha, dereva anapewa posho ya kushusha mzigo, wote ni wenyewe nyumbani, na wote jioni hawakumbuki. Huwezi kumkatalia bosi hela yake. Ila unaweza kuweka kidaftari pembeni ya droo, kila anayechukua anaandika jina, kiasi, saa, na saini, bosi awe wa kwanza kusaini ili wengine wasijione wameonewa. Nilimwomba kwa kumwambia ni zoezi la chuo. Kiukweli halikuwa zoezi la chuo. Wiki ya kwanza tukagundua mambo ya nyumbani yanachukua hela nyingi kuliko alivyodhani mwenyewe, akacheka, akaguna, akasaini.

Kwa mteja wa dukani kanuni ni mbili tu na zote za kizamani. Taja kwa sauti ulichopewa, "umenipa elfu kumi", alafu ile noti usiitie kwenye droo mpaka chenji imeshafika mkononi mwake na amehesabu. Inamaliza ugomvi wa nilikupa kumi ulinirudishia ya tano. Usiku kwenye taa hafifu buku mbili iliyochakaa na msimbazi mkuukuu zinafanana kuliko unavyodhani.

Kwa wakala mambo ni mengine. Meseji sio hela, salio ndo hela. Mtu anakuonyesha meseji kwenye simu yake "nimeshatoa hapo, nipe laki", wewe angalia simu yako ya uwakala, angalia salio limepanda au halijapanda, basi. Meseji mtu yeyote anaweza kuitunga, Tanzania nzima tumeshapokea ile ya "ile hela tuma kwenye namba hii", kama kuna mtu alikaa akaiandika ile basi anaweza kuandika na ya muamala wako. Akipiga mtu anasema yuko makao makuu anasasisha laini yako bonyeza hivi na hivi, kata simu, hamna kingine. Namba ya siri asiijue ata shemeji yako. Na kabla hujathibitisha muamala wowote soma namba, jina na kiasi kwa sauti mteja asikie, hasa sifuri. Sifuri ndo zimenila mimi, nakuja huko.

Jioni ya kufunga. Duka hesabu zake ni za kawaida, ulichoanza nacho jumlisha mauzo toa matumizi yaliyoandikwa, na mauzo uyasome kwenye ripoti ya siku ya EFD ulinganishe na daftari lako, na kama kila risiti ilitoka inavyotakiwa vitu vinakaa sawa vyenyewe. Wakala ndo watu wanachanganyikiwa wakati kanuni yake ni nyepesi kuliko zote: mtaji haubadiliki. Mteja akiweka, keshi inapanda, floti (salio la kwenye laini) inashuka kiasi kile kile. Akitoa, keshi inashuka floti inapanda. Ukijumlisha keshi na salio la laini zote saa yoyote ya siku lazima urudi kwenye namba ile ile. Kamisheni iweke pembeni, usiichanganye humu.

Mfano wangu wenyewe. Mtaji milioni tatu. Asubuhi keshi 1,200,000, laini ya kwanza 1,000,000, laini ya pili 800,000. Jioni nikahesabu keshi 1,645,000, laini ya kwanza 610,000, ya pili 727,000. Jumlisha. 2,982,000. Imepungua elfu kumi na nane. Nikahesabu tena mara tatu, jasho linanitoka na feni inazunguka, mwenzangu anasema labda zimeanguka tukainua ata magunia ya sukari. Bosi akaja akasikia, akaandika kwenye daftari lake "shoti 18,000" na jina langu, akafunga daftari. Hakuuliza ata swali moja. Mwisho wa mwezi zikakatwa.

Wiki mbili baadaye niko nyumbani napitia madesa ya uhasibu ndo nikakuta kitu tulishafundishwa kitambo na mimi nikakariri cha mtihani tu. Ukipata tofauti, igawanye kwa tisa. Ikigawanyika bila baki, shuku kwanza kosa la kuandika tarakimu, maana ukipindua tarakimu mbili, 53,000 ukaandika 35,000, tofauti inagawanyika kwa tisa kila siku, na ukiongeza au ukipunguza sifuri pia inagawanyika kwa tisa. Alafu igawanye na kwa mbili, utafute muamala wa kiasi hicho ulioingizwa upande usio wake, uliweka mahali pa kutoa. Sasa 18,000 gawanya kwa tisa unapata 2,000 kamili. Nikakurupuka usiku ule ule nikafungua picha za daftari la miamala, natafuta buku mbili.

Ikawepo. Mama mmoja muuza vitumbua, kila jioni akimaliza biashara anapita anaweka buku mbili yake kwenye simu, ndo akiba yake. Daftari nimeandika 2,000, amesaini. Simu ya uwakala inasoma 20,000. Nilizidisha sifuri. Kesho yake nikamfuata, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikamweleza, akashika kichwa, "mie niliona nyingi, nikajua mwanangu wa Dar kanikumbuka". Alishazinunulia unga na mafuta. Tukakubaliana, akawa ananilipa buku mbili mbili na siku nyingine vitumbua, na sijawahi kula vitumbua vingi vile maishani.

Ukigundua kosa la hivi siku ile ile usisubiri kama mimi, piga huduma kwa wateja ya laini husika hapo hapo ukiwa na namba ya muamala, maana hela ikiwa bado haijatolewa kuna nafasi ya kuzuiwa na kurudishwa, ikishatoka unabaki na utu wa mteja tu.

Nimeelezea kirefu kwa sababu hapa ndo ugomvi wangu na mabosi wengi ulipo. Shoti ni habari. Inakwambia kuna mahali mfumo unavuja: namba hazisomwi kwa sauti, droo inafunguliwa na watu wanne, kijana kachoka. Ukiikata kwenye mshahara siku ile ile, kitabu kinasawazika na ile habari unaitupa, kesho pale pale panavuja tena. Kingine kibaya zaidi. Kuna Mmarekani mmoja, Donald Cressey, mwaka 1953 alieleza kwamba mtu mwaminifu anageuka mwizi kazini vitu vitatu vikikutana, ana shida inayombana, ameona upenyo, na ana maneno ya kujipa haki moyoni. Sasa fikiria kijana analipwa kidogo, shida anayo tayari. Droo haina utaratibu, upenyo huo. Ulichobakiza kumpa ni maneno, na kila ukimkata shoti isiyo yake unampa maneno: "si wananikata tu ata nisipochukua, bora nichukue". Nimelisikia hili kwa masikio yangu kwa mtu ambaye mpaka leo naamini hakuwa mwizi siku anaanza.

Na ziada je? Jioni imezidi elfu tatu. Wengi wanaiweka pembeni kwenye kopo, "akiba ya shoti", na wengine wanakula. Usifanye. Ziada ya leo inawezekana ni nusu ya kosa, kesho asubuhi mteja anarudi kudai chenji yake au kuna muamala haujatumwa. Iandike kama unavyoandika shoti. Ukikutwa na kopo chini ya kaunta maelezo yako hayataeleweka, na kamera iko juu ya kichwa chako.

Kuhusu kuchoka, sheria inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Sisi tulikuwa tunafungua saa moja asubuhi tunafunga saa tatu usiku. Piga hesabu mwenyewe. Nikiangalia daftari langu makosa karibu yote yako baada ya saa kumi na mbili jioni, ata ile sifuri ya mama wa vitumbua. Kama huwezi kushinda hoja ya saa, walau omba mwenzako afanye miamala ya wakala jioni wewe uuze dukani, mbadilishane.

Sasa umepata shoti kweli, umetafuta haionekani, bosi anataka kukata. Hapa jua haki yako kabla hujaanza kulia au kutukana. Kifungu cha 28 cha ile sheria ya ajira hakimruhusu mwajiri akate tu anavyojisikia. Kwa hasara au uharibifu lazima iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako, akueleze kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu alivyoipata, akupe nafasi ya kupinga, asikate zaidi ya hasara yenyewe, na makato hayo yasizidi robo ya mshahara wako wa fedha. Mshahara ukiwa 250,000 basi robo ni 62,500, mtu asikukate laki na nusu mwezi mmoja ukabaki unaomba nauli. Na ukiletewa karatasi ya kukubali deni usiku ule ule mmechoka wote na watu wanasubiri kufunga geti, sema "bosi naomba niisome nyumbani, kesho asubuhi nakuletea". Usikatae, usikubali, isome.

Namna ya kuongea ni muhimu kuliko kifungu. Ukimwendea mtu mzima wa Tanga na "kifungu cha 28" mdomoni kama wakili umeshaharibu. Mimi nilipopata shoti ya pili, elfu nne, nilimwambia hivi: "Bosi, imepungua elfu nne, hili hapa daftari la asubuhi tulivyosaini, hizi karatasi za waliochukua, hii ripoti ya mashine. Naomba tuipitie pamoja kabla hujaandika." Tukapitia. Ilikuwa posho ya washusha mzigo, alitoa yeye mwenyewe akasahau kuandika. Kuanzia siku ile kukiwa na tofauti yeye ndo wa kwanza kuuliza, "umegawanya kwa tisa?"

Kidogo na karatasi ya mshahara kama unapewa, wengi hawaisomi. Mshahara usiofika 270,000 kwa mwezi hauna PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara, kwahiyo mtu asikuandikie kodi hapo. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia kumi inatoka kwako na kumi kwa mwajiri, na usiamini karatasi peke yake, kaangalie kwenye akaunti yako ya NSSF kama michango inafika. Shoti ikikatwa iandikwe ni shoti, isifichwe kwenye "mengineyo".

Ikishindikana kabisa, umekatwa hovyo au umefukuzwa kwa shoti ambayo hakuna aliyekuonyesha hesabu yake, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na Tanga ipo. Unajaza fomu namba moja, hulipii, na wanaanza na usuluhishi, yani mnakalishwa mezani kwanza. Angalia siku: kufukuzwa unatakiwa uwe umepeleka ndani ya siku 30, malalamiko mengine siku 60. Watu wanapoteza haki kwa kungoja bosi apoe hasira. Na kama una chini ya miezi sita kazini, kinga ya kuachishwa isivyo haki haikuhusu, hilo nalo ulijue usije ukapanda bodaboda bure, lakini mshahara uliofanyia kazi na makato yasiyo halali bado unaweza kuyadai.

Wenye maduka mkisoma hapa msinikasirikie. Kaunta inayopitisha mamia ya wateja kwa siku itakosea tu, ata ungekaa wewe. Tengeni kiasi kidogo cha makosa kwa mwezi, kikizidi ndo muulize. Hesabuni droo mchana bila kutangaza, mara moja moja, mkiwa pamoja na mshikaji wa droo. Anayeshika hela asiwe huyo huyo anayeandika kitabu cha mwisho. Hayo matatu yatawaokolea hela kuliko kumkata kijana elfu kumi na nane.

Mwisho wa kazi usiondoke kienyeji ata kama mmeachana kwa kicheko. Kabidhi kama ulivyopokea, omba nakala yenye saini, na omba cheti cha utumishi, ni haki yako mkataba ukiisha. Siku yangu ya mwisho nilikabidhi saa kumi jioni jua bado linachoma, keshi 1,412,500, laini ya kwanza 905,500, ya pili 682,000. Bosi akajumlisha mwenyewe kwa kalkuleta yake, akarudia, milioni tatu kamili. Akasaini. Mama wa vitumbua alikuwa amebakiza buku mbili ya mwisho, akanifungia vitumbua vya moto kwenye gazeti nikavitundika kwenye usukani wa baiskeli nikaondoka zangu.